Chovya-chovya Humaliza Buyu la Asali

Ndugu wasikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya siku ambayo kila mfanyakazi anajua kuwa itakuja, na ambayo ikifika huwakuta wengi hawajajiandaa. Nayo ni siku ya kustaafu. Sizungumzii kustaafu kwa wakubwa wenye majumba ya kupangisha. Namzungumzia mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi wa zahanati, karani wa halmashauri na dereva wa gari la Serikali. Hawa ndio walio wengi, nao ndio wanaoulizana kila siku: nitaishije kwa pensheni hii?

Mimi mwenyewe ninaishi kwa pensheni, na kwa hiyo sitatoa mahubiri. Nitapiga hesabu, maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuanze na kile anachopewa mstaafu. Hapa Tanzania, mtumishi wa umma aliye katika kada za kawaida anaweza kustaafu kwa hiari akitimiza miaka 55, na hustaafu kwa lazima akitimiza miaka 60. Anapoondoka hupewa mafungu mawili. La kwanza ni mkupuo, yaani zile fedha zinazolipwa mara moja, ambazo watu wengi bado wanaziita kiinua mgongo. La pili ni pensheni ya kila mwezi, ambayo humfuata mpaka mwisho wa maisha yake.

Ukubwa wa mafungu haya umezua mjadala mrefu. Mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa mfuko mmoja wa PSSSF, na kanuni mpya zikaushusha mkupuo hadi asilimia 25. Wafanyakazi walilalamika, na Desemba mwaka huo Rais Magufuli akazisimamisha kanuni hizo. Julai 2022 kikaanza kikokotoo kipya cha asilimia 33. Mwaka 2024 Serikali ikaongeza asilimia hiyo ikawa 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wakipata 50, na 35 kwa wale waliokuwa wakipata 25.

Asilimia hizo zina maana gani mfukoni? Tuchukue mfano wa mtumishi aliyefanya kazi miaka 30, ambaye wastani wa mishahara yake bora ya miaka mitatu ni shilingi 600,000 kwa mwezi. Miezi yake ya utumishi ni 360. Miezi hiyo huzidishwa kwa mshahara wa mwaka, ambao ni shilingi 7,200,000, kisha ikagawanywa kwa 580. Jawabu ni shilingi 4,468,000 na ushee, na hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Asilimia 40 yake huzidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo. Asilimia 60 inayobaki hugawanywa kwa miezi 12. Basi mtumishi wetu atapata mkupuo wa shilingi 22,344,000 hivi, na pensheni ya shilingi 223,000 hivi kila mwezi.

Sasa, ndugu msikilizaji, sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Mtu huyu hajawahi kushika milioni 22 katika maisha yake. Anapoziona katika akaunti yake anajiona tajiri, na jamaa zake wanamwona tajiri zaidi. Lakini tuzigawanye. Tuseme Mungu amemjalia miaka 20 baada ya kustaafu, yaani miezi 240. Milioni 22 na laki tatu ukizigawanya kwa miezi 240 unapata shilingi 93,000 kwa mwezi. Ukijumlisha na pensheni yake unapata 316,000. Huo ndio utajiri wake wote: nusu ya mshahara wake wa zamani na ushee kidogo.

Kwa hiyo mkupuo ni mshahara wa miaka 20 ulioletwa siku moja. Ni buyu la asali, na wahenga walikwisha kutuambia linavyomalizika: kwa chovya-chovya.

Ukishauona mkupuo kwa jicho hilo, mambo mengi yanabadilika. Mstaafu anayenunua gari kuukuu la shilingi milioni 12 amejikata shilingi 50,000 kila mwezi kwa miaka 20, na hapo hajatia mafuta wala hajamlipa fundi. Mstaafu anayetoa milioni tatu katika harusi ya mwanawe, ili watu waseme mzee fulani ameoza kwa heshima, amejikata shilingi 12,500 kila mwezi mpaka atakapokuwa na miaka 80. Wageni watakuwa wamekwisha kuusahau ule wali, na yeye bado anaulipia.

Basi kanuni yangu ni hii: pensheni ni ya kula, mkupuo ni wa kuziba. Mahitaji ya kila siku yabanwe yaingie ndani ya pensheni ya mwezi. Mkupuo uwekwe kwa yale yasiyokuja kila mwezi lakini lazima yatakuja: bati linalovuja, miwani, maradhi, msiba na safari ya dharura. Anayekula mkupuo katika miaka mitatu ya kwanza atakutana na mvua ya mwaka wa nne akiwa hana bati.

Mkupuo huo uwekwe wapi? Chini ya godoro hapana, maana bei zinapanda. Mwaka 2024 mfumuko wa bei nchini ulikuwa asilimia tatu hivi, nao ni mdogo ukilinganisha na miaka mingi iliyopita. Hata hivyo, kwa kiwango hicho, shilingi 1,000 iliyolala bila faida kwa miaka 20 itanunua kitu cha shilingi 550 tu za leo. Fedha lazima zifanye kazi, lakini kazi isiyohitaji mbio za mzee.

Njia moja ni hatifungani za Serikali, zinazouzwa kwa mnada na Benki Kuu na kununuliwa kupitia benki na mawakala walioidhinishwa. Kiasi cha chini ni shilingi milioni moja. Zipo za miaka miwili, na zipo nyingine zinazofika hadi miaka 25. Faida yake hulipwa kila baada ya miezi sita. Kwa mfano tu, mtu aliyeweka milioni 10 kwa faida ya asilimia 12 kwa mwaka atapokea shilingi 600,000 kila nusu mwaka, na zile milioni 10 atarudishiwa muda ukiisha. Njia nyingine ni kununua vipande vya mifuko ya UTT AMIS, taasisi ya Serikali ambayo mfuko wake wa kwanza, Mfuko wa Umoja, ulianza mwaka 2005. Vipande ni rahisi kuuza unapopata shida. Hatifungani ya miaka mingi ukiiuza kabla ya wakati unaweza kupata pungufu ya ulichotoa. Kwa hiyo usiweke zote mahali pamoja, na kiasi fulani kibaki benki ambako unaweza kukichukua siku hiyo hiyo.

Jihadhari na anayekuahidi faida kubwa kwa muda mfupi. Wengi wetu tunaikumbuka DECI, ule upatu wa kupanda na kuvuna ambao Serikali iliusimamisha mwaka 2009. Waliopanda mapema walivuna, na waliopanda nyuma yao wakabaki na mashamba makavu. Jihadhari pia na simu ya mtu asiyejulikana anayesema yuko makao makuu ya mfuko na anataka umtumie kitu kidogo ili faili lako lisogee. Faili halisogezwi kwa fedha za simu.

Na wale wanaokopesha wastaafu, wenye mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu, hao tuwaogope kama moto. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila mkopeshaji awe na leseni. Ukiona mtu anakuomba kadi yako ya benki na namba ya siri kama dhamana, huyo si mkopeshaji. Ni mtu anayetaka kustaafu kwa pensheni yako.

Sasa tuingie jikoni, maana huko ndiko kwenye kazi ya kila siku. Tuchukue mume na mke wanaoishi katika nyumba yao wenyewe kwenye mji wa mkoani, wenye ile pensheni ya shilingi 223,000. Mgawanyo wao unaweza kuwa hivi: chakula 120,000, mkaa, gesi na umeme 35,000, maji 10,000, sabuni na vitu vidogo vya nyumbani 15,000, nauli na simu 13,000, michango na sadaka 20,000, na 10,000 za ziada. Jumla ni 223,000 kamili. Chakula kimepata shilingi 4,000 kwa siku kwa watu wawili. Ni kidogo, wala sitasema ni kingi. Lakini thamani ya hiyo 4,000 inategemea sana namna unavyonunua.

Umaskini, ndugu wasikilizaji, ni ghali. Mwenye fedha hununua mafuta ya kupikia kwa dumu, na asiye nazo hununua kwa kipimo cha dukani, kidogo asubuhi na kidogo jioni. Mwenye fedha hununua mkaa kwa gunia, na asiye nazo kwa kopo. Mwisho wa mwezi yule aliyenunua kidogo kidogo amelipa zaidi kwa kitu kile kile. Asiyeamini aandike katika daftari kwa siku 30 kila kipimo cha mafuta na kila kopo la mkaa, kisha ajumlishe aulize bei ya dumu na ya gunia.

Hapa mstaafu ana nafasi ambayo mchuuzi wa kutembeza bidhaa hana: fedha yake ndogo inakuja kwa pamoja, tena siku inayojulikana. Aitumie nafasi hiyo. Siku ya pensheni anunue unga, mafuta, sukari, sabuni na umeme wa mwezi mzima kabla fedha haijazoea mfuko. Kinachobaki ndicho cha kununulia mboga na dagaa.

Mahindi na maharage yana majira yake. Katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini mahindi huanza kuvunwa katikati ya mwaka, na wakati huo bei huwa chini. Ikifika Januari na Februari, maghala yakiwa yamepungua, bei hupanda. Anayenunua gunia wakati wa mavuno na kulihifadhi vizuri hula mahindi ya bei ya Julai mwezi wa Februari. Lakini ayakaushe sawasawa kabla ya kuyafunga, maana mahindi yenye unyevu huota ukungu wenye sumukuvu, na sumu hiyo haitoki kwa kupika. Ipo siku hizi mifuko maalumu isiyopitisha hewa, ambayo wadudu hufia ndani bila dawa. Mfuko mmoja ukitunzwa hutumika zaidi ya msimu mmoja.

Maharage yalowekwe usiku kucha. Yaliyolowekwa huiva mapema sana kuliko makavu, na kila nusu saa inayopungua jikoni ni mkaa uliobaki ndani ya gunia. Kwa upande wa umeme, wapo wateja wa majumbani walio katika daraja la matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Hao hulipa kwa kila uniti bei ndogo sana kuliko wenzao. Aliye katika daraja hilo ana kila sababu ya kubaki humo, na pasi ya umeme au jiko la umeme ndivyo vitakavyomtoa.

Wengi huniuliza kuhusu miradi. Mstaafu asianze biashara kubwa ambayo hakuwahi kuifanya. Miaka 30 ya kufundisha hesabu haimfundishi mtu kuendesha daladala. Aanze na kile ambacho kikifa hakitamfilisi. Tuta la mchicha huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne, na matembele yakishika huendelea kukupa mboga muda mrefu. Kuku wa kienyeji kumi wanatosha kuleta mayai na kitoweo cha mgeni. Tatizo lao kubwa ni kideri, ambacho kinaweza kufagia banda zima kwa siku chache. Kinga yake ni chanjo ya tone moja jichoni, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu. Majirani wakichanja pamoja, chupa moja inawatosha wote na gharama kwa kila kuku inakuwa ndogo sana.

Hapo nimesema habari ya kubana matumizi. Lakini yapo mambo ambayo kuyabana ni kujiua polepole.

La kwanza ni dawa. Mwenye shinikizo la damu au kisukari anayemeza kidonge siku moja na kuruka siku mbili ili kopo lidumu, anaokoa shilingi mia chache na kuhatarisha mwili mzima. Kiharusi kimoja hula mkupuo wote, na pia humfunga nyumbani mke au binti aliyekuwa akitafuta riziki. Aliyekuwa mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya asiondoke kazini kabla ya kukamilisha taratibu za kadi ya mstaafu na ya mwenzi wake. Wazee wasio na uwezo, tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, wana haki ya kutibiwa bila malipo katika vituo vya Serikali. Nendeni kwenye ofisi ya kijiji au mtaa mkatambuliwe, maana haki isiyodaiwa hukaa kabatini.

La pili ni mazishi na ujirani. Kadi za harusi zinaweza kupunguzwa. Mstaafu anayepokea kadi nne kwa mwezi ana haki ya kusema, “Mwanangu, mchango wangu ni elfu tano na dua,” na asione haya. Katika daftari lake michango imetengewa 20,000, na ikiisha imeisha. Lakini msibani aende, hata kama hana kitu. Akachote maji, akakae na wafiwa, akachimbe kaburi kama mgongo unaruhusu. Kuzikana ndiyo bima ya zamani kuliko zote, na ada yake kubwa ni kuonekana. Mzee anayejifungia ndani ili asichangie huokoa fedha na kupoteza watu, na siku ya shida fedha zile hazitamtosha kununua watu.

La tatu ni ukweli ndani ya nyumba. Nasikitika kusema kwamba wapo akina baba wanaomficha mama wa nyumbani kiasi cha mkupuo, na wapo akina mama wastaafu wanaofanya vivyo hivyo. Matokeo yake mmoja anapanga maisha ya milioni 50 na mwingine anajua zimebaki sita. Mwenzi wako ajue kiasi, ajue benki, ajue namba yako ya uanachama, na ajue cheti cha ndoa na vyeti vya watoto viko wapi. Ukitangulia wewe, yeye ndiye atakayezunguka na karatasi hizo. Mjane anayeanza kutafuta cheti cha ndoa baada ya matanga huchelewa kupata haki yake, na wakati huo tumbo halimsubiri.

Najua wapo wanaonisikiliza sasa hivi wakisema, huyu anazungumza na wenye bahati. Ni kweli. Mkulima, mvuvi na mama lishe wengi hawana pensheni yoyote. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee mkazi aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama alikuwa na ajira, na baadaye ikapandisha hadi 50,000. Jirani zetu wa Kenya nao, kupitia mpango wa Inua Jamii, huwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Ni fedha ndogo, lakini nazo zina siku ya kuja, na chochote chenye siku ya kuja kinaweza kupangwa. Mwenye 50,000 anayenunua mchele na sabuni siku ile ile ametumia kanuni ile ile ya mwenye 223,000.

Kwa nyinyi ambao bado mna miaka 10 kazini, neno langu ni fupi. Malizeni paa kabla ya siku hiyo, maana mstaafu anayelipa kodi ya nyumba huanza kila mwezi akiwa nyuma. Malizeni mikopo kabla ya siku hiyo. Hakikisheni mwajiri anapeleka michango yenu kila mwezi, kwa sababu mwezi usiopelekwa utakuja kukosekana katika ile hesabu ya miezi 360. Na mwaka mmoja kabla ya kustaafu jaribuni kuishi kwa nusu ya mshahara. Mtajifunza mapema kipi ni lazima na kipi kilikuwa mazoea, na ile nusu nyingine itakuwa akiba ambayo hakuna kikokotoo kitakachoigusa.

Kwa wenzangu ambao tumekwisha kutoka, tuchukue daftari na kalamu. Tuandike kilichobaki katika buyu, tukigawanye kwa miezi tunayoitarajia, na tuijue namba yetu. Mtu anayeijua namba yake anaweza kukataa bila kugombana na anaweza kutoa bila kuumia. Anaweza pia kununua kanga ya Idi au ya Krismasi kwa mwenzi wake bila hofu, kwa sababu ilikwisha kuandikwa.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa, nawatakia afya njema.